Ardith na Mashine ya Ratili Elfu Mbili

Hapa Erie, mji wa kando ya ziwa, watu wakistaafu hununua boti. Kaka yake Ardith Pukalski, Casimir, alinunua mbili. Ardith, alipofika miaka sitini na tatu, alisema anataka mashine ya kuchonga chuma.

Anayesikia "mashine" asifikirie kinu cha unga. Hii ina kichwa juu chenye kisu kinachozunguka, na chini yake meza inayosogezwa kwa mipini: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Unabana pande la chuma mezani, kisu kinakula kile usichokitaka, kinabaki unachokitaka. Ardith alisimama mbele ya mashine ya namna hiyo miaka thelathini na moja katika kiwanda cha pampu. Siku yake ya kwanza pale, msimamizi alimpa ufagio. Alifagia wiki mbili. Wiki ya tatu aliuegemeza ule ufagio kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi, akaenda kwenye mashine ya mtu aliyekuwa mgonjwa, akaanza kuchonga. Hakuna aliyemtoa. Kiwanda kilipofungwa, mashine zilipakiwa kwenye malori zikaenda zilikokwenda, na wafanyakazi tukapewa keki. Nasema tukapewa kwa sababu mimi nilikuwa dereva wa pale. Naitwa Odell Tibbs, nakaa nyumba ya pili kutoka kwake, na nina tela. Ndivyo nilivyoingia katika habari hii.

Aliitangaza nia yake Jumapili, mezani kwa Casimir, pierogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, zikiwa bado zinatoa mvuke.

"Mashine ya nini?" Casimir akauliza.

"Ya kuchonga."

"Kuchonga nini?"

"Chuma."

"Chuma najua! Nauliza kazi gani? Nani amekuagiza kitu?"

"Na wewe, samaki nani amekuagiza?"

Mke wa Casimir alicheka mpaka akapaliwa. Casimir hakucheka. Alisema mwanamke wa umri wake atafute bustani. Ardith akaongeza siki kwenye kabichi yake, akala.

Mashine aliipata karibu na Meadville, katika gereji ya fundi aliyefariki. Mwanawe, Brandt Eshelman, alikuwa ameshauza nyumba na alitaka gereji iwe tupu kufikia Jumamosi. Tulikwenda wawili. Brandt akanipa mkono mimi, akanieleza mimi, akanionyesha mimi.

"Umeshawahi kutumia moja ya hizi, bwana?"

"Mimi naendesha lori," nikamwambia. "Muulize fundi, huyo hapo nyuma yako."

Ardith alikuwa ameshaanza. Alipitisha ukucha kwenye reli ambazo meza huteleza juu yake. Alishika mpini, akauzungusha taratibu, akahesabu umezunguka kiasi gani kabla meza haijasogea. Akaiwasha, akaweka sikio karibu na kichwa, akafumba macho.

"Beringi nzima," akasema. "Reli zimelika katikati. Baba yako alikuwa anafanya vitu vidogo, kila siku mahali pale pale. Lakini aliitia mafuta. Alikuwa mtu mwangalifu."

Brandt akatazama chini kidogo. Kisha akakumbuka biashara. "Kuna watu wawili wengine wanaitaka. Wana karakana zao."

"Wako wapi?"

"Wamesema watakuja."

"Mimi nimeshakuja."

Alimlipa pale pale, pungufu ya bei iliyotajwa, kwa sababu ya zile reli, na Brandt hakubisha.

Kununua kulikuwa rahisi. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa ratili elfu mbili na ushei, na ubaya wake ni kwamba uzito umekaa juu. Ukiisukuma vibaya inaanguka, na ikianguka haiulizi nani yuko chini. Ardith aliwapigia watu wa kuhamisha mitambo. Wakamwambia labda baada ya wiki tatu. Casimir alifurahi.

"Umeona? Hata Mungu anakwambia acha."

"Mungu sijampigia. Nimepiga kwa watu wa kreni."

Jumamosi asubuhi tukaenda wenyewe. Casimir naye akaja, si kusaidia, kushuhudia. Alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, mikono imekunjwa, kama mtu aliyekata tiketi.

Ardith alianza kwa kulegeza boliti za kichwa cha mashine, tukakigeuza juu chini, kikaning'inia kama popo. Meza akaishusha mpaka mwisho. Uzito ukateremka. Kisha akatoa boriti mbili za mbao ngumu alizokuja nazo, ndefu kuliko upana wa mashine, akataka zifungwe kwa boliti chini ya kitako cha mashine.

"Saa ya pili hii, bado mnafunga mbao," Casimir akasema. "Si muivute tu?"

"Umechoka, kakae garini."

"Nasema tu..."

"Unasema tu. Ndiyo kazi yako tangu tumezaliwa."

Tuliiinua kwa mtaimbo, unene wa kidole kila mara, tukapenyeza vipande vya bomba la chuma chini ya zile boriti, mashine ikaanza kusogea juu ya mabomba. Bomba likitoka nyuma, Ardith analiokota na kulirudisha mbele. Winchi ya mkono ikaivuta mpaka juu ya tela. Mikanda minne, mnyororo mmoja. Njia nzima niliendesha polepole, watu wakinipigia honi, Ardith kando yangu akiwapungia mkono kama malkia, na Casimir nyuma yetu na gari lake.

Kwake ndipo mambo yalipoharibika. Tulikuwa tunaishusha, iko katikati ya mbao za kushukia, mimi nimeshika winchi. Nikasikia mlio mkavu. Ubao wa kushoto ulikuwa umepasuka. Mashine ikainama upande wa kushoto, taratibu kabisa, na ule upole wake ndio ulionitisha.

Casimir alitupa kikombe. Kabla sijafungua mdomo, alikuwa amekimbilia chini ya mashine na kuiwekea bega.

"Cas! Toka!"

"Inaanguka, Ardi!"

"Iache ianguke! Toka hapo, we mpumbavu! Mashine nitanunua nyingine!"

Akaruka. Mashine ikaendelea kuinama, ncha ya boriti ikagusa changarawe, ikazama kidogo, ikashika. Ikasimama hivyo, imeegemea, kama mlevi aliyepata ukuta.

Casimir alikuwa ameketi kwenye nyasi, rangi imemtoka. Ardith alimwendea, akamshika kichwa, akamkagua kama mtoto aliyeanguka mtini, kisha akamchapa kofi la begani, na halikuwa la mzaha.

"Usirudie tena."

"Tuite watu," Casimir akasema. "Wiki tatu si mbali. Tuifunike turubai."

Ardith aliizunguka mashine mara mbili. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Sikufukuzwa kwenye mashine na msimamizi," akasema, "nije nifukuzwe na ubao. Odell, nipe mtaimbo."

Ilituchukua saa tatu. Unainua unene wa kidole, unaingiza kibao. Unainua tena, unaingiza kingine. Baada ya kama nusu saa, Casimir aliinuka, akaenda kwenye rundo la kuni nyuma ya nyumba, akarudi na vibao vya kila unene.

"Niweke wapi?"

"Usiingize mkono. Sukuma kwa kibao kingine."

Akafanya hivyo hivyo, bila ubishi. Nilimwangalia Ardith nione kama ameona. Alikuwa ameona.

Jioni mashine ilisimama kwenye sakafu ya gereji, wima, kichwa kimerudishwa juu. Fundi umeme alikuja Jumatatu, akasema haiwezekani, inataka umeme wa fezi tatu, kama wa viwandani, na nyumba haina. Ardith akamshukuru, akamtoa, akaagiza kisanduku cha kubadilisha umeme, akasoma karatasi zake siku mbili na kukifunga mwenyewe. Alipowasha, alibana pande la chuma, akashusha kisu. Vipande vyembamba vya chuma vikaruka vikiwa vya buluu kwa joto. Alirudia mara nne, akapima, akarudia. Aliniambia nisiongee.

Mwezi wa tatu, wakati wa Kwaresima, tulikuwa ukumbini kanisani, foleni ya samaki wa Ijumaa. Nikamsikia Casimir akiwahadithia jamaa zake wa boti jinsi ubao ulivyopasuka na jinsi "tulivyoihamisha."

"Tulivyoihamisha?" Ardith akasema nyuma yake, na sahani mkononi.

"Basi, ulivyoihamisha."

"Hapo sawa."

Mmoja wa wale jamaa akamwuliza kama anaweza kumchongea kipande cha usukani wa boti yake, maana dukani hawakitengenezi tena. Ardith alitaka kujua ni chuma gani, unene gani, na kwa nini kilivunjika. Yule mtu hakujua hata moja.

"Kalete kilichovunjika," akamwambia. "Na uje mwenyewe, usimtume Cas."

Kisha akasogea kwenye foleni, akaomba samaki wawili.