Noti Moja ya Mahari Yangu

Baba yangu hakuwa na ugomvi na Mzungu wala na Mhindi. Ugomvi wake ulikuwa na karatasi. Ukimpa sarafu aliing'ata, akaigonga kwenye jiwe la kunolea, akaisikiliza, kisha akaipokea. Ukimpa noti aliishika kwa ncha za vidole kama kitambaa kilichochafuliwa na mtoto mchanga. Na mtu asiniambie kwamba alikuwa mshamba. Sababu alikuwa nayo, na sababu yenyewe ilikaa kwenye mkebe wa bati uvunguni mwa kitanda chake.

Ndani ya mkebe mlikuwa na rupia za karatasi za Mjerumani. Wakati wa vita ile ya kwanza askari walifika kwa babu, nje kidogo ya Tinde, wakaswaga ng'ombe wake saba wakamwachia karatasi hizo. Babu akazitunza vizuri. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja, na babu alipozipeleka bomani Shinyanga karani alicheka hadi akashika mbavu. Baba, kijana wakati ule, alikuwa amesimama pale pale. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinifungulia mkebe ule. "Ng'wana wane," ananiambia, yaani mwanangu, "hawa ndio ng'ombe wa babu yako. Hebu waambie walie."

Sasa mimi, katika wanaume wote wa dunia hii, nikampenda mtu wa karatasi! Kwao ni upande wa Chato, kwenye mapori ya mbung'o ambako ng'ombe hakai, na kazi yake ilikuwa kwenye mgodi wa dhahabu Geita. Lori lao lilisimama Tinde, nami nilikuwa nikiuza maziwa kando ya barabara. Alikunywa, akalipa, halafu akakiosha kibuyu ndipo akanirudishia. Mwanamume kuosha kibuyu! Nikasema moyoni, huyu huyu.

Mshenga wake akaja, baba akataja ng'ombe kumi na wawili, wakakubaliana. Siku zile ng'ombe mmoja mnadani alichukua noti tatu za shilingi ishirini. Yule bwana akapiga hesabu yake, akarudi mgodini kuzichimbia. Kabla hajamaliza, pauni ikashushwa thamani huko Uingereza, na shilingi yetu iliyofungwa mkiani mwake ikashuka nayo. Mimi habari niliipatia dukani, nilipokuta kaniki imepanda bei. "Pesa imeshuka," mwenye duka akaniambia. Nilipofika nyumbani nikamweleza baba.

"Imeshuka?" akauliza. "Kwani ilipanda lini?"

Haikuchukua muda mrefu, ng'ombe naye akapanda. Siku bwana yule alipokuja na mshenga, noti thelathini na sita zimefungwa kwenye leso, ng'ombe mmoja alikuwa anataka noti nne.

Baba alikaa na wadogo zake wawili. Mimi na mama tulikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, na kila neno tulilisikia. Nilijua kwamba baba akikataa, yuko mzee mmoja jirani anayenisubiri, mwenye ng'ombe arobaini na meno manne.

Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi hivi hivi. Hukaguliwa mmoja mmoja, na asiyefaa hurudishwa. Basi baba mdogo akainua noti ya kwanza juani, akaigeuza. "Huyu amekonda," akasema. Akachukua nyingine. "Huyu ana kovu mgongoni." Iliyochanika pembeni akasema inachechemea. Mshenga alicheka akidhani ni utani, kisha akaona yuko peke yake, akanyamaza. Noti mbili zikakataliwa. Bwana yule akatoa mbili nyingine kwenye akiba yake ya safari, akaziweka.

"Hawa ni ng'ombe tisa," baba akasema. "Mimi nilitaja kumi na wawili."

"Mzee, siku tulipokubaliana walikuwa kumi na wawili," mshenga akajibu.

"Siku ile. Leo je? Na kesho?" Akaingia ndani akatoka na mkebe, akamwaga karatasi za Mjerumani kando ya zile za mfalme wa Kiingereza. "Hizi nazo zilikuwa ng'ombe. Ng'ombe anazaa. Zenu zitazaa lini?"

Mama alinikamata mkono, maana ananijua. Nikajinasua, nikapaza sauti nyuma ya ukuta: "Baba, hizo hazitazaa! Nitazaa mimi!"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Huko nje baba mdogo alianza kukohoa, na kile kikohozi kikageuka kicheko, wakaangua wote. "Huyu mtoto tumemlea vibaya," baba akasema, lakini sauti ilikuwa imelegea. Nikajua nimeolewa.

Kesho yake baba alidamka kwenda mnadani kuzigeuza noti zile ng'ombe kabla hazijamfia mkononi. Akapata wanane na ndama, ikabaki noti moja. Hiyo akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkebe mbele ya mume wangu. "Kwetu mwanamke akiachika mahari hurudi," akamwambia. "Siku utakayomwacha binti yangu nitakurudishia hii. Tuone itakununulia nini."

Na alisema kweli, baba yangu. Uhuru ulikuja, tukapata fedha yetu wenyewe, na watu wakaambiwa wapeleke noti za zamani benki. Baba akakataa kata kata. "Hiyo ni ya mkwe wangu," akasema, ikafia ndani ya mkebe. Mimi kwa upande wangu nilizaa saba.

Mkebe sasa ni wangu. Juzi mjukuu wangu aliniletea kijana anayenunua fedha za kale. Za Mjerumani nilimwuzia zote. Babu alitoa ng'ombe saba, mimi nikapata bei ya beberu mmoja, si haba. Kisha akaichukua ile ya mfalme, akaikunjua, akaiinua juani. "Bibi, hii imekunjwa sana," akasema. "Ona, ina kovu hapa." Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Akataja bei nikiwa bado nacheka, akadhani naicheka hiyo, akaongeza. Akaongeza tena, mpaka mjukuu akaanza kunikanyaga mguu.

"Hiyo siuzi," nikamwambia. "Si yangu. Ni ya mume wangu, arudishiwe siku atakayoniacha."

Kijana akageuka huku na huku akimtafuta huyo mume. Nikamwonyesha kaburi, pale nyuma ya zizi.

"Yule pale," nikasema. "Bado hajaniacha."