Swali Lililomrudia Dobi

Asubuhi hii chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke. Mama Pacha, kama wenzake wanavyomwita, anatenga mashuka yenye damu na kuyaloweka kwenye beseni la maji baridi. Mikono inafanya kazi, midomo inajiuliza maswali na kujijibu.

"Wanadhani nimeanza kurukwa na akili," anacheka. "Kumbe nasoma."

Mama huyu wa miaka thelathini na minane anajiandaa kufanya mtihani wa biolojia kwa mara ya tatu. Akifaulu, chuo cha uuguzi kitampokea. Akianguka, basi tena. Mwakani atakuwa amepita umri unaokubaliwa. Jambo hilo linamtia hofu, wala hafichi.

Mara mbili za kwanza alikariri daftari zima, akatoka kapa. Safari hii amejiunga na darasa la jioni ambalo mwalimu wake ana utaratibu wa ajabu: yeye haulizi kitu. Kila mwanafunzi anaandika swali, analitia kikapuni, kisha kila mmoja anachota la kujibu.

Mama Pacha akaona hapo ndipo pa kuwatoa wenzake jasho. Akanakili kutoka kitabuni swali ambalo hata yeye hakulielewa: protini hufanywa nini na joto kali? Zamu yake ilipofika akachota, akafungua karatasi. Mwandiko wake mwenyewe!

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Mwalimu akaniambia, 'Mama, si wewe uliyeuliza? Haya, tuambie.' Darasa zima likaangua kicheko."

Siku chache baadaye, msimamizi wa zamu akamfokea dobi mgeni: "Wee dada, damu kwenye maji ya moto? Itaganda humo isitoke tena!"

Mama Pacha akaduwaa, shuka mkononi. Onyo hilo amelisikia tangu aajiriwe. Damu ina protini, joto huigandisha, nayo hung'ang'ania kitambaa. Jibu lilikuwa ndani ya beseni lake siku zote! Akacheka peke yake mpaka msimamizi akamgeukia yeye.

Tangu hapo haandiki swali la kumkomoa mtu. Anaandika linalomsumbua mwenyewe. Kwa nini kidonda huwasha kinapopona? Kwa nini mwenye homa husikia baridi? Mabinti zake pacha wameshachoka naye.

"Mama, jamani, tuache tule!" wanalalamika.

Mtihani ni mwezi ujao. Je, akianguka tena?

Mama Pacha anakamua shuka, analikung'uta, analitundika.

"Hilo swali," anasema, "silitii kikapuni."