Mikungu ya Drusilla Iliyovishwa Mapazia

Drusilla ni jirani yangu, na tangu aolewe hapa kijijini kwetu, juu ya mji wa Masimba, sijamwona akifanya kitu kama watu wengine. Kuku wetu wanalala jikoni; wake wana ghorofa. Ulimi anao, mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo.

Mwaka jana aliyatoa mapazia ya neti sebuleni, yale ya harusi yake, akayavisha mikungu ya ndizi shambani. Mkungu ukishatoa chane za kutosha, anakata lile ua jekundu la chini, anakata na vichane vya mwisho visivyonenepa, kisha anaufunika, wadudu na ndege wasiuguse. Kijiji kizima tulikuja kuona. Mimi nikamuuliza bibi harusi atatoka lini. Akanijibu kwamba atatoka siku nitakapojifunza kupalilia.

Ndizi zilinenepa, tuache mzaha. Ganda safi, bila doa. Lakini siku ya soko, Nyangau, mnunuzi wetu mwenye lori, alifanya kama kawaida yake: akapita kando ya mikungu, akatupa jicho, akataja bei moja kwa wote. Mkungu wangu, uliokonda kama mbuzi wa kiangazi, ukalipwa sawa na wa Drusilla. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Drusilla alirudi nyumbani na hasira, na huyo mwanamke akikasirika ujue kuna jambo. Alimwita Momanyi, kibarua wa hapa kwetu, wakapatana ang'oe migomba yote baada ya soko lijalo, ipandwe mikaratusi. Na ni migomba hiyo iliyomsomesha binti yake Mokeira mpaka chuo kikuu.

Mokeira sasa ni mchumi wa kilimo. Kazi yake ni kuzunguka masokoni akichunguza kwa nini wakulima hawajaribu mbinu mpya. Aliposikia habari ya Momanyi alikuja mbio. Tulikaa jikoni, mama akimenya ndizi kwa hasira, binti akieleza kwamba amewauliza wakulima huku kwetu hadi Nyamira, na wote wanajibu vilevile: anayejitahidi na anayelala wanalipwa sawa, basi nani ajisumbue?

"Mama, wewe hukukosea," alisema. "Soko letu ndilo halina macho. Nipe siku moja ya soko, tuuze kwa kilo."

Drusilla akasema siku moja, basi, na panga la Momanyi limeshanolewa.

Nyangau alikubali bila kubembelezwa. Kumbe hoteli za Kisii mjini humlipa kwa kilo, na mikungu myembamba kama yangu ndiyo inayomtia hasara. Shida ilikuwa sisi. Hapa karibu kila mtu anachuma majani ya chai ya kuuza kwa kilo, na mchuma chai, aliyezoea kupunjwa, akiona mizani anashika mfuko wake. Tunaamini mizani yoyote ina tumbo: kilo zinaingia, hazitoki zote. Nyangau aliwahi kuleta yake zamani, tukaifukuza pamoja naye, ndipo akaanza kununua kwa jicho. Hilo Mokeira hakulijua, nasi tulikuwa tumelisahau.

Basi siku ya soko mizani ikaning'inizwa kwenye mparachichi, na hakuna aliyeikaribia. Mzee Osoro wa kanisani kwetu akasema afadhali awauzie nyani, nyani wanakula mbele ya macho yako. Hata mama mtu alisimama nyuma, mikono kiunoni. Mokeira alicheka, akatuambia kila mtu alete kitu ambacho uzito wake anauamini.

Tulivamia duka la Linet. Wengine wakaja na pakiti za unga, mimi nikaja na sukari, maana unga ungeweza kuwa umekubaliana na mizani. Mshale ukasimama mahali pake kila mara. Nyangau akapandisha mfuko wa saruji, ukasimama sawasawa. Osoro akasema huenda saruji imehongwa, lakini alikuwa tayari amejipanga foleni na ndizi zake.

Wa kwanza ulikuwa mkungu wa Drusilla. Mshale ulishuka kwa kishindo, watu wakaguna. Kisha wangu. Mshale ukatikisika kidogo, kama mtu anayesinzia aliyesikia jina la mwenzake. Soko zima lilinicheka, hata mimi nilijicheka.

"Mama Mokeira," Nyangau akauliza taratibu, "iko mingine kama huu?"

Drusilla alimgeukia Momanyi, aliyekuja na panga lake akingoja kazi.

"Kesho njoo nalo," akamwambia. "Kuna maua ya kukata."

Mokeira akamkumbatia mama yake mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanyiki sana, na akina mama tukapiga vigelegele. Huko anakoandika utafiti wake ameongeza neno letu: kabla ya mbinu mpya, watu wapewe mizani waliyoijaribu wenyewe.

Sasa ukipita kijijini kwetu utaona ndani ya kila sebule, kwa sababu mapazia yote yako shambani. Mzee Osoro amevisha migomba hata vitambaa vya makochi, na mkewe hamsemeshi. Juzi nilikuwa nafunga pazia langu la harusi kwenye mkungu, Drusilla akapita njiani, akaniuliza bibi harusi atatoka lini.

Nikamwambia siku ya soko, na mahari ni kwa kilo.