Puli Iliyorudi Nyuma Kwenye Simu

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu, hapa Kilosa, ilianza kusuasua msimu wa mahindi mengi. Akina mama wakaanza kubeba ndoo zao kwenda mashine ya upande wa stesheni. Fundi wake yuko Mikumi, anakotengeneza malori ya barabara kuu, na hachomoki kirahisi. Akataka nimtumie video.

Nikarekodi mota, mkanda na puli. Akajibu upesi: puli inazunguka kinyumenyume, waya mbili za mota zibadilishwe. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza kuwa nimesimama mbele ya puli na inakwenda inavyotakiwa. Kamera inapiga picha moja moja, na kati ya picha na picha puli inakaribia kumaliza mzunguko, ndiyo maana inaonekana kurudi nyuma. Akasema anaamini anachokiona. Ninachokiona mimi hakuuliza.

"Mwanangu, fundi ni fundi," alisema shangazi. Akazima umeme, akabadilisha waya mwenyewe.

Sasa mashine ikaenda kinyume kweli. Feni ya mashine ikashindwa kuvuta unga, mfuko wa kupokelea ukabaki umenywea. Nikatuma video nyingine. Kwenye simu puli ilionekana inakwenda mbele, safi kabisa, na fundi akanijibu kwa dole gumba.

Mama lishe, mteja mkubwa wa shangazi, alikuwa anasubiri unga wa ugali wa mchana. Nikamwonesha jibu. Akauchungulia mfuko.

"Dada, hili dole linasagika?" akamuuliza shangazi.

Shangazi hakucheka. Alimtazama mama lishe akijitwisha ndoo yake hadi akapotea kona ya stesheni.

Nikarekodi tena, safari hii kuanzia swichi inapowashwa. Kwenye simu puli ilianza upande mmoja, ilipokolea kasi ikaonekana inageuza njia bila hata kusimama. Fundi akapiga.

"Mmeshaiharibu. Msiiguse, nakuja."

Kesho yake alishuka kwenye basi. Akawasha, akaitazama puli ikianza kinyume, akazima. Akarudisha waya, akakaza mkanda, maana kilichokuwa kimelegea tangu mwanzo ni mkanda tu. Mfuko ukavimba unga. Akatoa simu ili arekodi kazi yake, lakini shangazi akaiziba kamera kwa kiganja.

"Iweke hiyo, fundi. Baiskeli ile pale. Nenda kwa mama lishe ukamwambie kwa mdomo."