Kinanda Kilichosawazishwa

Jumamosi nilikuwa kanisani Maneromango, nimemsindikiza shangazi kwenye mazoezi ya kwaya. Kinanda cha pale ni kikongwe cha wamisionari, chenye mabomba marefu na mafupi yaliyosimama ukutani, na siku hizi sauti zake zimekuwa zikigombana. Fundi wa vinanda hapatikani, basi mchungaji alimwomba fundi baiskeli, muumini wake, akisawazishe.

Tulipoingia, fundi alikuwa anafuta jasho, msumeno wa chuma mkononi. Mabomba yote yalikuwa na kimo kimoja. Vipande vilitapakaa sakafuni.

Shangazi alishika kichwa. "Yesu wangu!"

Mchungaji aliinama, akaokota kipande kimoja cha bomba. "Mzee wangu, umefanya nini?"

"Si uliniambia nisawazishe, Baba Mchungaji? Nimesawazisha. Lile fupi kuliko yote ndilo nililolifanya kipimo. Sasa hakuna bomba linalojiona."

Mwalimu wa kwaya aliketi, akabonyeza kwa vidole vyote kumi. Ikatoka sauti moja tu, nyembamba, kama filimbi ya refa.

"Mnasikia?" fundi alisema kwa furaha. "Hayagombani tena."

Ndugu msomaji, juzi kwenye mkutano wa kijiji chetu huku Kibaha, mwenyekiti alisimama akasema, "Ndugu wananchi, wakati umefika tusawazishe mashamba." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama kwanza ameshika nini mkononi.