Yamna na Watoto Wasio na wa Kuwasugua

Alhamisi, saa nne asubuhi. Yamna Outaleb amepiga magoti kwenye sakafu ya moto ya hamamu moja, bafu la umma la wanawake, mjini Salé, glavu mkononi, anamsugua mke wa muuza samli mpaka mama wa watu anaguna.

"Uchafu huu wa tangu Ramadhani ipi, bibiye?" anamtania.

"Sugua wewe! Nimelipia mikono, sijalipia mdomo."

Wanawake wanacheka. Yamna naye anacheka, lakini macho yake yako kwa binti wa miaka kama kumi anayeburuta ndoo mbili za maji ya moto. Binti anamwogesha mtoto mdogo, anamsuuza, anamfunga taulo. Kisha anajikalia pembeni na nguo zake zilizolowa.

"Hapa kila mama humsugua bintiye mgongo," anasema Yamna, mwenye miaka hamsini na miwili. "Ukiona mtoto hana wa kumsugua, jua huyo ni wa kazi. Ameletwa."

Yeye mwenyewe aliletwa. Alikuwa na miaka minane dalali alipomtoa milimani, juu ya Azilal, kuja kufanya kazi za ndani.

"Siku ile mama alinisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mimi nikadhani ni sikukuu."

Hawakuonana tena. Mama alifariki, na habari zilimfikia Yamna baada ya miezi minne. Mpaka leo anamtamani mama yake kama mtoto mdogo, na hilo halifichi. Akifika hapo katika mazungumzo hujimwagia maji usoni.

Lakini anayemnyima raha zaidi ni Ijja.

Miaka mitano iliyopita Ijja, mtoto wa kazi wa miaka tisa, aliingia hapa na alama za mkanda mgongoni. Yamna alipandwa na hasira, akamtolea uvivu tajiri wa Ijja mbele za watu. Yule mama alimshika Ijja mkono, povu la sabuni bado kichwani, wakatoka. Hawakurudi. Yamna alizunguka hamamu tisa, hadi ng'ambo ya mto kule Rabat, akiulizia.

"Mdomo wangu ndio uliompoteza," anasema.

Siku hizi hasira anaimeza. Humsifu tajiri kwa nywele nzuri, kisha hujitolea kumsugua mtoto bure, ingawa kila mgongo ni dirhamu ishirini na magoti yake yamechoka. Huku akisugua, huuliza chinichini kijiji na jina la baba. Majibu humpelekea Bi Saadia wa chama cha kutetea watoto, anayefuatilia kisheria. Watoto kumi na mmoja wamesharudi kwao.

"Njoo, mwanangu, lete mgongo," anamwita binti wa ndoo.

"Sina hela, khalati," anasema binti, akimwita mama mdogo kwa heshima.

"Nani kakuomba hela? Kaa hapa. Kwenu wapi?"

Binti anamtazama tajiri wake, aliyefumba macho kwa joto. Anataja kijiji kwa kunong'ona.

Mwanawe Yamna anayeishi Tanja anamtaka aache kazi akapumzike kwake. Yamna hataki hata kusikia.

"Ijja akirudi asinikute?"

Sasa Ijja atakuwa na miaka kumi na minne. Akiulizwa kama atamtambua, Yamna anatikisa kichwa.

"Wapi! Alama zimepona, sura imebadilika." Anammwagia binti maji mabegani, taratibu. "Sitamtambua. Ndiyo maana nawasugua wote."