Mpira Uliogusa Wavu

Sheria za mpira wa meza nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikiwa nimeshavuka miaka arobaini. Nilizisoma moja moja, kama ninavyosoma maelekezo ya dawa ya viazi kabla ya kupulizia. Mojawapo inasema kwamba mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na kuangukia upande wa pili, hakuna anayepata pointi; unarudiwa.

Katika ukumbi wa wafanyakazi wa shamba la chai, huku kwetu Mgwashi, hawachezi hivyo. Wavu wao ni kipande cha neti ya kitalu kilicholegea katikati, na anayeanzisha akiugusa amepoteza pointi. Huwa sibishani nao. Jumamosi ile nilikuwa na sababu zaidi ya kutobishana. Aliyesimama ng'ambo ya meza alikuwa kaka wa mwanamke niliyepeleka posa kwao. Baba yao alishafariki, hivyo jibu lilikuwa la huyu kaka, na mshenga wangu alikuwa bado anarudi mikono mitupu. Kaka huyo ndiye aliyeniita tucheze. Sikujua anataka kunipima nini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Chukua raketi."

Waliokaa kwenye mabenchi walizijua habari zote. "Leo bwana harusi anatozwa mahari mapema!" mmoja akapaza sauti. Nikajifanya sikusikia. Kwetu, kumwita mtu shemeji kabla posa haijajibiwa ni kujikaribisha mwenyewe hadi chumbani. Nimeona posa ikirudishwa kwa utovu wa adabu mdogo kuliko huo. Kwa hiyo kila nilipofungua mdomo nilihakikisha kwanza kwamba neno linalotoka ni "kaka".

Mapema tu mpira wangu wa kuanzisha ulikwaruza neti ukaangukia kwake.

"Wavu! Pointi yangu," akasema, akinikazia macho. "Au msomi wa simu una sheria nyingine?"

"Hapana, kaka. Tunafuata ya hapa."

Tulikwenda hivyo, mgongo wangu ukilowa jasho ingawa ukungu ulikuwa umeingia hadi mlangoni. Akafika ishirini, mimi kumi na tisa, na pale mchezo huisha kwa ishirini na moja. Akaanzisha. Mpira ukagusa neti, ukadondoka upande wangu, nikaudaka.

"Narudia huu," akasema, akinyoosha mkono aupokee.

Nikidai pointi, namuaibisha mbele ya watu anaowasimamia kazini. Nikinyamaza, ataona mwanamume anayegeuka kila anapogeuzwa, na huyo hatampa dada yake. Nilimuogopa kwa pande zote mbili. Mpira ulikuwa mkononi mwangu, nami sikuuachia.

"Shemeji," nikasema, "hiyo ni pointi yangu."

Nililisikia neno lenyewe likiwa limeshatoka. Ukumbi ukalipuka. "Kashajioza!" wakapiga kelele, na mwingine akaongeza la Kishambaa ambalo siliandiki hapa. Yeye hakucheka. Aliweka raketi mezani.

"Shemeji yako nani?"

Niliubana mpira kwenye raketi.

"Pointi chukua, ni yako kweli," akasema taratibu. "Hilo neno lingine hulitumii tena mpaka Ijumaa. Mwambie mshenga aje baada ya swala, na safari hii aje na wazee wako, tupange siku." Akachukua raketi yake. "Ishirini kwa ishirini. Anzisha."

Nilirusha mpira juu, nikaukosa kabisa.